Kitu Kimoja Kilicho Hai

Miche ishirini na sita aliyoibeba Danson arap Mosonik kutoka Kericho ilikufa yote kabla ya mwezi wa pili kwisha, na mtu wa kwanza kuonyeshwa kwamba imekufa alikuwa mkewe.

Mwaka mzima alikuwa amemsimulia Elmina habari za shamba hilo. Lilikuwa kule chini, upande wa Sigor, mahali ambapo msitu wa Chepalungu ulikuwa umefunguliwa na watu wakagawiwa ardhi. Alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili juu ya mwinuko mdogo, ukuta wa udongo na paa la bati. Kila aliporudi kutoka huko alirudi na maneno matamu. Hakuwa akimdanganya. Alikuwa akimweleza pale mahali kama alivyopaona kichwani mwake: mbele ya mlango, yale maua ya buluu yenye vichwa vikubwa kama kabeji, kama yaliyopandwa mbele ya nyumba ya meneja wa chai; upande wa magharibi, safu mbili za miti ya saipras; na katikati nyasi laini za kukanyaga bila viatu. Naye alikuwa amefanya kazi katika kitalu cha chai miaka ishirini na miwili, na kila Jumamosi alitunza bustani ya meneja mwenyewe. Nani angethubutu kumwambia hajui kupanda?

Basi Elmina akaja, Februari ya mwaka 1956. Alipanda basi mpaka Bomet, kisha akatembea. Alifika saa saba mchana, mwavuli mkononi, vumbi mpaka magotini, akauliza maua yako wapi.

Mosonik akamwonyesha. Vilikuwa vijiti vyeusi. Saipras zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, na ukizigusa zilimwagika kama ugoro. Mahali pa nyasi palikuwa na vumbi na mavi ya mbuzi wa jirani.

Elmina akaketi juu ya jiwe na kufungua mwavuli. Kule Kericho mwavuli ule ulijua kazi moja tu, nayo ilikuwa mvua ya saa tisa.

"Baba Priscillah," akasema, maana Priscillah alikuwa binti yao wa kwanza, "maji unayachota wapi?"

"Mtoni."

"Mto uko wapi?"

Mosonik akanyoosha kidole. Ulikuwa mwendo wa nusu saa kushuka, na kupanda na debe kichwani ilikuwa safari nyingine kabisa. Elmina akakitazama kidole, akatazama kule kilikoelekea.

"Sikiliza," akasema. "Mwaka ujao mwezi wa tatu unaacha kazi, na ile nyumba ya kambini atapewa mtu mwingine. Kaka yangu wa Kapsoit amesema nina mahali pa kujenga jiko kwake. Mimi sikatai kuja hapa. Lakini nitakuja siku utakaponionyesha kitu kimoja ulichopanda kwa mkono wako, kikapita kiangazi bila kubebewa maji. Kimoja tu. Kama mti umeshindwa kukaa hapa, na mti hauna kazi nyingine ila kusimama, mimi nitakaaje?"

"Na kisipopatikana?"

"Utakuwa ukija kunitembelea Kapsoit. Nitakupa chai."

Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza saa ya basi. Ndiyo maana Mosonik alimwamini. Alimjua. Elmina akipiga kelele, jambo lilikuwa dogo. Akisema polepole, lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Njia nzima ya kurudi alijiona akiwa mzee wa miaka sitini ndani ya nyumba ya vyumba viwili, akijipikia mwenyewe uji, na jikoni hakuna moshi ila wake.

Jumatatu alikuwa kazini, wakichagua mbegu za chai pamoja na Ogari. Ogari alikuwa Mkisii, mwenzake wa kitaluni kwa miaka kumi na mitano, na ulimi wake haukuwa na likizo. Kazi ilikuwa kutia mbegu katika pipa la maji: zilizozama ni nzima, zilizoelea ni tupu, hutupwa.

"Nasikia umepanda bustani ya meneja kule kwenu," Ogari akasema.

"Nani amekwambia?"

"Wanawake wa bomba la maji. Wanasema ulichukua maua yote, ukasahau kubeba wingu."

Mosonik akaendelea kutoa mbegu zilizoelea.

"Usikasirike, mzee. Nakuuliza kitu. Kwetu mtu akitaka kuoa kutoka mbali, wazee huuliza kwanza: kwao yule msichana wanakula nini? Wanalalaje? Kuna baridi au joto? Wewe haya maua uliyauliza kwao ni wapi?"

"Kwao ni hapa. Yanaota hapa tangu nilipokuja."

"Hapa yanalishwa. Hata mimi nikilishwa kila saa tisa nitanenepa."

Mosonik alicheka, ingawa hakutaka. Lakini swali lilimwingia kama mwiba wa kidole, ambao hauumi sana ila hauachi kukumbusha. Alikuwa mtu wa kupenda kujua. Alikuwa ameanza kusoma akiwa na miaka arobaini na moja, katika kibanda cha kupimia majani, wenzake walipokwenda kupumzika. Na mwalimu aliyewafundisha pale alikuwa na desturi ya kusema kwamba swali likiandikwa, nusu ya jibu imekwisha kuja. Jioni ile alitoa daftari lake akaandika juu ya ukurasa mtupu: *Ni nani anayeunywesha mti usio na mtu?*

Elmina alikuwa pembeni akisafisha kibuyu cha maziwa. Alikuwa akisugua ndani kwa kaa la mti wa miwati, kama wanavyofanya kwao ili maziwa yakae na yapate ladha, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekula dawa.

"Miwati haifai," alisema, akijisemea tu. "Maziwa yananuka moshi wa treni. Hapa kwenye chai wameng'oa kila kitu. Na Kapsoit nako wake wa kaka zangu wamefyeka vichaka vyote, kila mahali mahindi. Kijiti kimoja cha kuchoma kaa zuri, wanawake watatu wanakigombania."

Mosonik alisikia, kama mwanamume anavyosikia mambo ya vibuyu: kwa sikio moja. Alikuwa akifikiria mti usio na mtu.

Mwezi wa tatu, mvua zilipochelewa na kila kitu kule chini kilikuwa kimefika mwisho wa nguvu zake, alichukua likizo ya wiki mbili akaenda Sigor bila mche wowote. Alibeba daftari, penseli mbili na kipande cha kamba ya ukonge cha kupimia. Watu wengi hutafuta mti wakati wa mvua, kwa sababu wakati huo ndio wa kupanda. Yeye alifikiri hivi: mtu humjui siku ya sherehe. Ukitaka kumjua, mtembelee siku ya njaa.

Jirani yake Kipngetich alikuwa mfugaji, mwenyeji wa huko tangu kabla ya kugawiwa kwa ardhi, mtu mwembamba aliyetembea na fimbo begani. Siku ya kwanza alimkuta Mosonik akiwa amepiga magoti mbele ya kichaka, akiligeuza jani chini juu.

"Arap Mosonik, umepoteza sindano?"

"Natazama jani."

"Linasemaje?"

"Bado halijasema. Kwa nini juu ni kijani, na chini ni kama limepakwa majivu?"

Kipngetich akainama, akalitazama jani la emitiot, mzeituni wa mwituni ambao alikuwa akipita chini yake tangu utotoni. Hakuwa amewahi kuligeuza. Akaligeuza mara mbili.

"Kweli," akasema. "Huyu amevaa koti kwa ndani."

Tangu hapo alifuatana naye, kwa sehemu kumcheka, na kwa sehemu kwa sababu na yeye alishikwa. Walitembea asubuhi na alasiri. Mosonik aliona kwamba mti wa kiangazi una hila zake, na kila mmoja una hila tofauti. Mmoja una majani madogo kama kucha za kuku, kiasi kwamba jua halipati pa kushika. Mwingine una majani manene yanayong'aa, kama yaliyopakwa mafuta ya taa. Mshubiri umejiwekea maji ndani ya jani lenyewe, kama mwanamke mwenye akili anayeficha unga. Kuna mmoja uliogeuza majani yake upande, makali yakaelekea juani, kama mtu anayepita mlango mwembamba. Alichimba kando ya mche wa usuet, ule mti mdogo wa majani magumu, uliofika gotini, akaufuata mzizi kwa ukonge wake. Ukonge ukaisha kabla ya mzizi.

"Juu mtoto, chini mzee," Kipngetich alisema.

Daftari lilijaa. Katika kila ukurasa aliandika jina la mti, mahali ulipo, na maswali matatu: nani anaunywesha, jani lake likoje, na nani anaula. Swali la tatu lilikuwa la Kipngetich.

"Wewe unauliza jua tu," alimwambia. "Mbuzi je? Jua linatoka asubuhi linaingia jioni. Mbuzi hana saa. Uliza mbuzi wangu, wamesoma kuliko wewe."

Wakakaa nusu ya siku wakiwafuata mbuzi na kuandika walichokataa. Walikataa usuet. Walikataa mshubiri. Walikataa senetwet, kile kichaka cha maua ya njano kinachosimama peke yake kando ya vijia, ambacho ukilisugua jani lake mkono hunuka kama shimo la panya. Mosonik alinusa, akakunja pua, akaandika: *Senetwet. Mbuzi hali. Kwa kujaza pengo.* Hakuongeza neno.

Mvua ziliposhuka mwezi wa nne, alipanda. Safari hii hakuna kilichotoka kwa meneja. Mpakani alipanda kaiyaba, yenye miiba ya kumzuia hata mbuzi aliyesoma. Upande wa magharibi, mahali pa zile saipras, aliweka miche mitano ya emitiot, akijua kwamba mti huo haukimbizani na mtu. Usuet na mshubiri aliviweka penye mawe. Nyuma ya jiko kulikuwa na pengo katika ua, akalijaza kwa senetwet saba alizong'oa changa kijiani, zikashika. Na mbele ya mlango, mahali pa heshima, mahali alipotaka Elmina aweke kigoda chake, alipanda tebeswet sita. Tebeswet ulikuwa mti alioujua tangu zamani: majani mapana kama viganja, kivuli cha haraka, na kule Kericho hauna siku unayokosa jani. Kila shimo alilizungushia tuta dogo upande wa chini, ili maji ya mteremko yapite hapo na kusalimia kabla ya kwenda zake, akafunika udongo kwa mawe.

Kisha akarudi kazini. Alikuja mara moja kila mwezi. Agosti tebeswet zilikuwa zimemfikia kifuani. Novemba zilikuwa sawa naye. Alisimama katikati yake jua la saa sita, na kwa mara ya kwanza kivuli kilimfunika mkono mzima. Alirudi Kericho akitembea kama aliyeteuliwa kuwa chifu. Elmina aliuliza habari, naye akajibu tu, "Utaona."

Januari ilimkuta pabaya.

Sasa ni lazima nieleze jambo la chai, kwa sababu asiyelijua atamwona Mosonik mjinga, na hakuwa mjinga. Kwenye chai, kichaka kisicho na majani ni maiti. Isipokuwa kile kilichopogolewa kwa amri, na hicho hujulikana kwa alama ya kisu, kichaka kilicho uchi kimeshikwa na ugonjwa wa mizizi, ugonjwa unaotambaa chini kwa chini kutoka jirani hadi jirani. Ukikiacha wiki moja, utapoteza vitano. Ukikiacha mwezi, utapoteza mstari. Kwa hiyo mtu wa kitalu hafikirii. Anakiona, anashika jembe, anakitoa na mizizi yake yote, anakichoma siku hiyo hiyo. Kwa miaka ishirini na miwili Mosonik alisifiwa kwa wepesi wa kufanya hivyo. Nyapara aliwaambia vijana: mtazameni mzee Danson, macho yake na jembe lake ni kitu kimoja.

Alifika kwake Jumamosi asubuhi, wiki ya tatu ya Januari, akakuta tebeswet zote sita ziko uchi. Hakuna hata jani moja juu. Chini kulikuwa na zulia la majani ya rangi ya chungwa, yaliyokauka yakajikunja. Kichwa kilikuwa bado kinasema *Elmina*, lakini mikono ilikwisha kujua kazi yake. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akaanza na ule wa kwanza kushoto.

Aling'oa mitatu. Alikuwa amepiga jembe la kwanza kwenye wa nne aliposikia sauti nyuma yake.

"Arap Mosonik, nakuuliza tu. Mkeo akikukuta umelala, huwa anachimba kaburi?"

Kipngetich alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ua, fimbo begani.

"Imekufa," Mosonik akasema. "Ugonjwa wa mizizi. Nikiiacha itaambukiza emitiot."

"Imekufa?"

"Haina jani."

"Hata mimi sina nywele."

Mosonik akaudondosha mpini wa jembe. Hakupenda mzaha wakati ule. Lakini ile tabia yake, ile ya kugeuza jani, ilimfanya ainame na kuushika mti aliokuwa ameutoa mwisho. Alitazama mizizi. Mzizi wa mti mgonjwa huwa mweusi, na ukiubandua ganda unakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Huu ulikuwa wa rangi ya maziwa, na pale jembe lilipoukata palikuwa pametokeza tone. Akapanda kwa vidole mpaka kwenye shina, akakwangua ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya ganda palikuwa na kijani, kijani kibichi cha majani ya chai siku ya kwanza.

Akakaa chini hapo hapo mavumbini.

"Kila mwaka inafanya hivi?" akauliza.

"Huku kwetu, kila kiangazi. Nyinyi wa Kericho mnanyeshewa, tebeswet yenu haijui kulala. Ya huku ikiona maji yameisha inafunga mlango. Mvua ikibisha, inafungua."

Mosonik alibaki akikitazama kile kijani. Alikuwa akifikiria visu. Kila mwaka wa tatu yeye na wenzake waliingia katika chai na visu virefu, wakakata kila jani la kila kichaka mpaka yakabaki matawi matupu, na hakuna aliyelia msiba. Kwa sababu walijua kichaka kilichopunguziwa mzigo kitarudi na nguvu.

"Unajipogoa," akasema polepole. "Mti huu unajipogoa wenyewe. Na mimi nimekuja na jembe."

"Mtu wa chai," Kipngetich alisema, lakini safari hii kwa upole, akaketi karibu naye.

Mitatu ilikuwa bado imesimama. Mitatu ilikuwa chini, mizizi juani. Mosonik hakuweza kuikubali ife kwa kosa lake. Alifanya kile anachofanya mtu wa chai akihamisha mche mkubwa: alikata shina lote likabaki kisiki cha shibiri moja, akapunguza mizizi iliyochanika, akarudisha kila kimoja katika shimo lake na kushindilia udongo. Kisha akachukua debe akashuka mtoni. Alirudi mara tatu. Alimwomba Kipngetich, kila wiki, akipita na mbuzi kwenda kunywesha, avibebee vile visiki maji ya kibuyu kimoja kimoja. Kile ambacho Elmina alisema kisifanyike, kubebea mti maji, alikuwa amekifanya kwa mikono yake.

Elmina alikuja Jumamosi ya mwisho ya Februari. Alikuwa na kikapu na ule mwavuli. Safari hii hakukaa kwenye jiwe. Alisimama mbele ya mlango akatazama kushoto kwenda kulia, kama anayesoma.

Kushoto kulikuwa na visiki vitatu, na vyote vilikuwa vimetoa machipukizi, majani madogo yenye manyoya, mabichi kabisa. Kulia kulikuwa na fito tatu ndefu zilizo uchi.

"Hivi viko hai," Elmina akasema, akivielekezea kidole visiki. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Mosonik hakuwa amekisikia kwa mwaka mzima. "Kweli, Baba Priscillah. Kwa jua hili."

Hapo palikuwa na mlango uliofunguliwa, na kilichohitajika ni kunyamaza tu. Kipngetich alikuwa mbali na mbuzi wake. Maji hayaachi alama juu ya udongo wa Sigor. Yakimwagwa, kabla hujageuka, yamekauka. Mosonik alifungua mdomo, akaufunga, akaona lile jiko lisilo na moshi, akaufungua tena.

"Hivyo vimenyweshwa," akasema. "Kibuyu kimoja kila wiki. Na mara ya kwanza debe."

"Kwa nini?"

"Niliving'oa. Vilikuwa miti mirefu kama hii. Niliona haina majani nikafikiri imekufa. Ile ambayo haijanyweshwa ni hii ya kulia."

Elmina akazitazama fito.

"Hii?"

Mosonik akakwangua ganda kwa ukucha, akamwonyesha. Elmina akainama. Akakwangua na yeye, juu kidogo. Akanyoosha mgongo.

"Basi ni kijani cha kutafutwa kwa ukucha," akasema. "Nikitaka kivuli nitakwangua?"

"Mvua ikija—"

"Mvua ikija hata fimbo ya Kipngetich itachipua." Akatazama magharibi. "Na ile ya majivu?"

"Emitiot. Iko hai, yote mitano. Haijapata tone."

"Imefika wapi?"

"Gotini."

"Kivuli chake lini?"

Mosonik alikuwa ameandika hilo katika daftari, na hakuweza kulibadilisha. "Miaka kumi na mitano."

Elmina aliokota kikapu chake akazunguka nyumba kwenda kuona jiko, na Mosonik akabaki na zile fito. Hesabu yake ilikuwa imetimia: alikuwa ameonyesha kitu kilicho hai bila maji, tena si kimoja. Lakini aliona wazi kwamba hakumpatia mtu sababu ya kuketi. Kuwa hai na kufaa si neno moja. Alisubiri. Jua lilisogea.

Mwishowe akaenda kutazama.

Elmina alikuwa kwenye lile pengo la ua, ndani kabisa ya senetwet. Vichaka vyote saba vilikuwa vimempita kichwa, na kila kimoja kilikuwa kimesimamisha mishumaa ya maua ya njano na vichwa vyake vyeusi, nyuki wakiingia na kutoka. Alikuwa amelibana jani moja kati ya vidole na kulinusa bila kukunja pua. Kwa mkono mwingine alikuwa akipapasa matawi, akipima unene.

"Hii ni nani anainywesha?" akauliza bila kugeuka.

"Hakuna."

"Usiniambie hakuna kama ulivyoniambia maua."

"Hakuna, Mama Priscillah. Nilipanda kujaza pengo. Sijawahi hata kuitazama."

"Naona." Akavunja tawi lililokauka, nene kama kidole gumba, likalia *kwa*. Akalibandua ganda kwa meno, akaliangalia, akalitia kikapuni. Akavunja la pili. "Miaka ishirini nasugua vibuyu kwa miwati. Nilipopata kijiti kimoja cha senetwet nilikikatakata kama dawa. Wewe unayo saba, umeificha nyuma ya jiko, unanionyesha fito."

Mosonik alitoa daftari mfukoni, akatafuta ukurasa. *Kwa kujaza pengo.* Aliutazama kama mtu anayekuta amekuwa akikalia kitu alichokitafuta.

"Inanuka panya," akasema, kwa kujitetea.

"Ikichomwa ikawa kaa hainuki. Wewe umekunywa maziwa ya kaa lake utoto wako wote, mama yako alilipata wapi?" Akaendelea kuvunja. Kikapu kilipojaa nusu alisimama, akaziangalia zile saba moja moja, na midomo yake ilikuwa ikihesabu. "Hizi mbili ziko karibu mno na mlango wa jiko. Mvua ikianza uzihamishe. Na kaiyaba ile ya pale ina pengo lingine, umeliona?"

"Sijaliona."

"Lijaze."

Walikula viazi vilivyochemshwa, wakaketi upande wa ukuta uliokuwa na kivuli. Elmina aliuliza majina ya miti mingine, na kwa kila jina aliuliza sababu, na Mosonik akamsomea kutoka katika daftari: koti la ndani la emitiot, unga uliofichwa wa mshubiri, mzizi wa usuet ulioshinda ukonge. Aliposikia ya mbuzi waliosoma alicheka mpaka akashika ubavu.

Saa nane alifunga kitambaa na kuinua kikapu. Mosonik akamletea mwavuli.

"Uache ndani," Elmina akasema. "Utundike kwenye boriti, panya wasiufikie."

"Kericho kuna mvua."

"Itaninyeshea mwezi mmoja, sitayeyuka. Nikija na vibuyu sitakuwa na mkono wa kuubebea." Alishuka hatua mbili, akageuka, akaelekeza kidevu kwenye ule ua wa nyuma. "Na ile ikipoteza majani, Baba Priscillah, uniite kwanza kabla hujashika jembe."